Naomba ushauri: uraia wa mtoto atakayezaliwa Marekani

Ndugu zangu, mimi na mke wangu tuko Ohio kwa viza za masomo, na kitanda cha mtoto wetu wa kwanza tumeshakifunga kando ya dirisha. Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya mwaka 1868, yanampa uraia anayezaliwa hapa, na Mahakama ya Juu ilithibitisha hivyo mwaka 1898 katika shauri la Wong Kim Ark, mzaliwa wa Marekani wa wazazi Wachina. Lakini amri ya Rais Trump ya Januari 2025 inalenga kuwanyima watoto wa wazazi kama sisi, na ingawa jaji wa shirikisho New Hampshire aliizuia Julai mwaka huo, hofu haituishi. Cheti cha kuzaliwa hutolewa na jimbo, pasipoti na serikali kuu. Mliojifungua karibuni, je, tuombe pasipoti mara tu tupatapo cheti, na tutunze nyaraka zipi?