Jiwe la tani 80 kileleni mwa hekalu la Thanjavur: lilipandishwaje?

Mkazi_Ntyuka
Wakuu, habari za jioni. Huku Dodoma matale yapo kila kilima, na anayepasua kokoto anajua uzito wake. Sasa hekalu la Shiva, mungu wa Wahindu, la Thanjavur, kusini mwa India, alilojenga mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa kifalme wa Chola: wanasema kileleni kuna jiwe moja la tani 80, lilipandishwa kwa tuta la kilomita 6, na kwamba saa sita mchana kivuli cha mnara hakifiki chini. Yana ukweli? Na mali ya kujengea ilitoka wapi?

Tindo_na_Kabari
Mkuu, hilo la kileleni ni kuba la pembe nane, na ni vipande vilivyounganishwa, si jiwe moja. Na lipigie hesabu tuta lenyewe. Mnara una mita 60 na ushei. Tuta la kilomita 6, upana mita 10, hata kuta zake zingesimama wima, linakula mita za ujazo 1,800,000 za udongo. Hekalu hukadiriwa kuwa na tani 130,000. Kwa itale ya tani 2.65 kwa mita ya ujazo, hiyo ni kama mita za ujazo 49,000 tu. Tuta lililouzunguka mnara wenyewe linaingia akilini zaidi.

Kazi ngumu ipo ndani. Mnara una uwazi, mawe yamepangwa bila chokaa, kila safu imeingia ndani kidogo kuliko ya chini yake. Ukilichomoza jiwe kupita kiasi, linapinduka kabla halijakandamizwa na la juu.

Jua_la_Utosi
Kivuli kinafika chini. Thanjavur iko karibu nyuzi 10.8 kaskazini. Desemba, jua la mchana huinama nyuzi 34 hivi kutoka utosini, kwa hiyo kivuli cha mnara wa mita 60 kinafika mita 41 kutoka katikati ya mnara, na kitako chake kina kama mita 15 tu kila upande. Jua likipita utosini, kama linavyopita Dodoma mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, kivuli cha jengo lolote la umbo hilo hubaki juu ya kitako chake.

Msoma_Maandishi
Ajabu kubwa kwangu ni daftari la hesabu lililochongwa ukutani, kwa Kitamil. Rajaraja alitawala kuanzia 985 hadi 1014, na mwaka 1010 alikabidhi pambo la kilele. Vita vilileta dhahabu. Vijiji, hata vya Sri Lanka, viliamriwa kupeleka mapato. Fedha za hekalu zilikopeshwa mabaraza ya vijiji kwa riba ya asilimia 12.5 kwa mwaka. Wanawake wacheza ngoma 400 walipewa kila mmoja nyumba na fungu la kalam 100 (kipimo cha nafaka) za mpunga kwa mwaka. Taa moja ya kuwaka daima iligharimiwa na kondoo jike 96, au ng'ombe 48, au nyati maziwa 16.

Mkazi_Ntyuka
Asante sana. Na kondoo wakifa, taa inazimika?

Msoma_Maandishi
Hapana. Mchungaji alikaa na kundi, akadaiwa samli ya kila siku ya kuwashia taa. Maandishi ya Kitamil ya zama hizo huwaita kondoo wa taa "wasiokufa wala kuzeeka": anayekufa hufidiwa na uzao, idadi haipungui. Na ukutani yameandikwa majina ya wachungaji pamoja na ya wadhamini wao.