OTOH na YMMV kwenye barua pepe za mhandisi: naombeni msaada

Karani wa Kihonda:
Habari za leo wakuu. Mimi ni karani wa jumuiya ya watumia maji, huku Morogoro. Mhandisi anayetushauri yuko Marekani, na barua pepe zake ndizo ninazozifupisha kwa Kiswahili kwa ajili ya kamati. Juzi aliandika kwamba pampu ya sola haina gharama ya mafuta, kisha "OTOH" bei ya kuinunua ni kubwa na siku za mawingu maji hupungua. Akamalizia na "YMMV". Vifupisho vyote viwili nikaviruka, nikaandika "mhandisi ameshauri sola". Kamati ikakaribia kupitisha! Hizo ni fedha walizochanga wananchi, na tangu siku hiyo sina amani.

Baba Neema:
OTOH ni "on the other hand". Kwa upande mwingine.

Mfasiri Mstaafu:
Pole sana, mwanangu. Baba Neema yuko sahihi, ila nina la kuongeza. Mwingereza anapima kwa mikono, sisi tunapima kwa pande. Kwenye barua pepe mkono wa kwanza mara nyingi hautajwi kabisa, unakutana na wa pili tu. Kwa hiyo ukitafsiri, rudi mwanzo uweke "kwa upande mmoja", ili mjumbe ajue tangu neno la kwanza kwamba kuna la pili linakuja. Miaka yote niliyofasiri mikutano, hapo ndipo nilipoona watu wakielewana vibaya.

YMMV ni "your mileage may vary". Imetoka kwenye matangazo ya magari ya Marekani, miaka ya 1970: gari limepimwa kwenda maili kadhaa kwa galoni, lakini wewe ukiliendesha unaweza kupata pungufu. Anakwambia yaliyomkuta yeye si lazima yakukute wewe.

Karani wa Kihonda:
Asante sana mwalimu. Kuna sehemu pia anasema "let me play devil's advocate", halafu anaisifia dizeli. Shetani ameingiaje kwenye kisima?

Mfasiri Mstaafu:
Maana yake ni "wakili wa shetani", na hicho kilikuwa cheo katika Kanisa Katoliki. Papa Sixtus V alikiweka rasmi mwaka 1587: mtu wa kutafuta kasoro za anayependekezwa kuwa mtakatifu. Mbele ya kamati usimtaje shetani, watu watashtuka bure. Andika "anatetea upande wa pili ili tuupime". Haina maana kwamba anaitaka dizeli.

Karani wa Kihonda:
Nimeandika upya: "Kwa upande mmoja, sola haina gharama ya mafuta. Kwa upande mwingine, bei yake ni kubwa na siku za mawingu maji hupungua. Hesabu hizi ni za visima vya kwao, vyetu vipimwe." Inafaa?

Mfasiri Mstaafu:
Hapo kwenye "vya kwao" weka "alivyofanyia kazi yeye". Kisha mpelekee mwenyekiti leo hii, kabla hawajakaa tena.