Jicho la kamba ya nailoni linateleza, niongeze mizunguko?

MpogoajiMalindi: Salaam wakuu. Nina nailoni ya nyuzi tatu, milimita 12, ya kujifungia mtini nikipogoa miembe na mikwaju. Jicho, yaani kitanzi cha mwisho wa kamba, nimelifuma kwa kupitisha ncha za nyuzi chini ya nyuzi za kamba mizunguko mitatu, na kila likibeba uzito ncha zinarudi ndani. Niongeze, au nipige fundo tu yaishe?

BahariaShela: Mitatu ni ya katani na usumba, sheikh, zile zinakwaruza na kushikana zenyewe. Nailoni ni telezi, inataka mitano kamili. Fumua sentimita 30 na ufunge kijiuzi imara pale unapokomea, la sivyo msokoto utaendelea kufunguka.

Kunja jicho, kisha ncha ya kati ianze: chini ya uzi mmoja wa kamba nzima, kinyume cha msokoto. Ya kushoto chini ya uzi unaofuata upande huohuo. Sasa geuza kamba. Ncha ya tatu ndiyo huharibu kazi: inapita chini ya uzi uliobaki, kutoka kulia kwenda kushoto kama wenzake. Ukiiingiza kinyume, ncha mbili zitatokea pengo moja. Kabla ya mzunguko wa pili hakikisha kila pengo limetoa ncha moja, kisha kaza zote sawasawa.

FundiKamba: Fundo linakula theluthi ya nguvu ya kamba, pengine zaidi, jicho zuri hula kama sehemu moja ya kumi. Ndani ya jicho weka pete ya chuma yenye mfereji, maana karabina (kile kipete cha chuma cha kufungua na kufunga) husugua sehemu ileile kila siku. Mikia ya ncha iache sentimita 2. Ukiikata kabisa, ncha zinachomoka. Kuchoma kwa kiberiti sawa, ila donge gumu lisiguse kamba.

MpogoajiMalindi: Shukrani. Na ile ya kijani ya wavuvi? Au ile yenye ganda la kufumwa juu ya nyuzi za ndani?

BahariaShela: Ya kijani inayoelea mara nyingi ni polipropilini, aina ya plastiki. Jua huidhoofisha, na ikisuguliwa kwa kasi huyeyuka upesi. Usikwee nayo hata mnazi mfupi.

FundiKamba: Yenye ganda ina ufumaji wake, hiyo nunua ikiwa na jicho la kiwandani. Hilo lako la zamani lifumue lote, usiongezee juu yake. Jipya lifunge tawi la chini, piga alama ya kalamu ncha zinapotokea, waning'inie watu wawili. Alama ikisogea, hiyo ni kamba ya kufungia mbuzi. Na ukishika msumeno juu, uwe na kamba mbili mwilini, kwani msumeno haujui kutofautisha tawi na kamba.