Mjadala: nchi ikiacha uchumi unaoendeshwa na serikali, mfuko wa afya uwe mmoja au mifuko ishindane?

MLETA HOJA: Wadau, mimi nasimamia mfuko mmoja. Jamhuri ya Czech iliruhusu ushindani mapema miaka ya 1990. Mifuko ya bima ikafika 27, ikagombania vijana wasiougua. Mingi ikafilisika na kuziachia hospitali madeni. Leo imebaki 7. Poland nayo ilianza na mifuko 17 mwaka 1999, na kufikia 2003 ilishaiunganisha.

MCHANGIAJI WA PILI: Mkuu, hapo unaubebesha ushindani kosa la namna ya kulipa. Kule Czech kila huduma ilihesabiwa kwa pointi, bila ukomo. Daktari aliyeandika vipimo vingi alilipwa zaidi. Wakifanya hivyo wote, fedha ni zile zile, thamani ya pointi inashuka, kwa hiyo mwezi unaofuata wanaandika vingi zaidi ili kufidia. Mfuko mmoja nao ungezama kwa mtindo huo. Nafuu ilianza 1997, daktari wa familia alipolipwa kwa idadi ya watu waliosajiliwa kwake na hospitali zikapewa bajeti yenye ukomo.

MLETA HOJA: Nakubali kuhusu pointi. Ila njia nzuri ya kulipa inahitaji mlipaji mwenye nguvu. Tazameni Kyrgyzstan, nchi maskini kuliko hizo. Mfumo ilioachiwa na Umoja wa Kisovieti uligawa fedha kwa idadi ya vitanda na watumishi, kifungu kwa kifungu. Mkurugenzi akifunga wodi, bajeti inakatwa. Basi majengo nusu matupu yakaendelea kupashwa joto majira yote ya baridi, huku mgonjwa akiambiwa aje na dawa na sindano zake. Mfuko wa bima ulianza 1997, lakini kwa miaka kadhaa ulikuwa nyongeza tu pembeni ya bajeti ile ile, na majengo hayakupungua. Mwaka 2001, mikoa ya Issyk-Kul na Chui ilikusanya bajeti ya serikali na michango ya bima kwa mlipaji mmoja, hospitali zikalipwa kwa kila mgonjwa aliyetibiwa. Hapo ndipo kufunga jengo kukawa na faida kwa hospitali yenyewe. Na mgonjwa akawa anachangia kiasi kinachojulikana anapolazwa.

MCHANGIAJI WA TATU: Ndugu, umeruka sehemu inayouma. Hospitali zilipobana matumizi, serikali ilikata bajeti kwa kiasi hicho hicho, ikawa aliyebana ndiye aliyeadhibiwa. Malipo ya chini ya meza yalipungua, hayakwisha. Tena mkulima hana karatasi ya mshahara. Ukitegemea makato ya mishahara pekee, unakusanya kwa wachache na kuwatibu wengi. Kabla ya kubishania idadi ya mifuko, sheria iandikwe kwamba kinachookolewa kinabaki hospitalini, kiongeze dawa na mishahara, na kwamba kodi ya jumla itawalipia wasio na ajira rasmi. Wizara ya fedha isiposaini hayo mawili, mimi siungi mkono mfuko wowote.