Tupeane uzoefu: wimbo wa kanisani uliokung'ang'ania hata baada ya kuacha kanisa

Chalii wa Sakina
Wadau habari za jioni. Leo nimepanda kifodi pale Kilombero natoka zangu sokoni, dereva kaweka flashi ya nyimbo za dini, zinapita hizi za siku hizi za kinanda na makelele mimi sina habari nachati zangu. Tumefika Mianzini ikaingia Bwana u Sehemu Yangu, kwaya tupu haina hata gita. Aisee nilishtukia naimba sauti ya tatu. Sio kunong'ona, naimba kabisa, mpaka mama aliyenibana na ndoo ya parachichi akageuka kuniangalia. Mimi kanisani sijaingia tangu nimemaliza sekondari ukitoa harusi na misiba, na mpango wa kurudi sina. Lakini beti zote zimetoka hakuna neno limekosewa, halafu machozi hayo. Nimeshuka kituo sio changu kwa aibu. Hivi ni mimi tu au na wengine mnao wimbo wa hivi? Tupeane uzoefu, na kama kuna dawa nitajieni.

Mama Glory Rau
Hauko peke yako mwanangu. Ukishakukaa umekukaa.

Mkristo Kindakindaki
Huo ni wito ndugu. Roho Mtakatifu anakuita wewe unauliza dawa? Jumapili hii nenda ibada ya kwanza.

Chalii wa Sakina
Ibada ya kwanza na baridi la Sakina hili mkuu? Labda aniite mchana.

Sauti ya Nne
Umenikumbusha mbali sana chalii. Mimi ni Machame, kwaya ya vijana, mwalimu wetu alikuwa haandiki maneno kwanza, anaandika solfa, yaani noti za herufi, ubaoni d d r m, tunaimba hivyo hivyo kila sauti peke yake mpaka watu wanakaribia kulia kwa kuchoka, ndio anakuja kutupa maneno siku ya mwisho. Sauti ya nne tulikuwa tunakaa nyuma karibu na dirisha linaloingiza upepo wa mlima na ukikosea noti anasimamisha kwaya nzima anakuangalia wewe tu, haongei. Kwa hiyo mimi hata leo nikisahau maneno noti zinakuja zenyewe. Na bibi yangu ndio usiseme. Macho yalishaharibika lakini Jumapili lazima abebe kitabu chake cha nyimbo Mwimbieni Bwana, anakifungua popote, mara nyingine juu chini, anaimba Kichagga wakati kanisa zima linaimba Kiswahili, na wanamaliza pamoja. Wale wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walianza kazi huku Kilimanjaro 1893, kwa hiyo hizi nyimbo zimeshapita kwa bibi, kwa bibi yake bibi, wewe unataka zitoke kwa kushuka kituo kimoja kabla?

Mama Glory Rau
Hapo kwenye kitabu juu chini nimecheka peke yangu dukani 😂 mama mkwe wangu hivyo hivyo.

Fundi Friji Kijenge
Jamani tusikuze mambo. Kitu ukikiimba kila wiki tangu utoto, kina mdundo na vina, ubongo unakishika. Mimi matangazo ya sabuni ya redioni ya utotoni nayajua yote na sijawahi kuitwa na Roho wa sabuni.

Mkristo Kindakindaki
Ukiyaimba hayo matangazo unalia?

Fundi Friji Kijenge
Nikikumbuka bei ya sabuni enzi hizo ndio nalia.

Binti wa Parapanda
Mimi wangu ni wa hofu. Tunakaa Kibosho mie mdogo, kila msiba lazima Parapanda Italia, na mwalimu wa shule ya Jumapili katuelezea vizuri kabisa kwamba parapanda ikilia makaburi yanafunguka. Sasa kwetu babu na mabibi wote wamezikwa kihambani hapo hapo nyuma ya migomba unaelewa. Jumamosi moja nimetumwa kukata majani ya ng'ombe nikasikia tarumbeta inatokea barabarani inakuja inaongezeka, nikatupa panga nikakimbilia chini ya kitanda cha mama, natubu dhambi zote mpaka za sukari. Kumbe ni harusi inapita, bendi imepakiwa kwenye pikapu. Leo nina watoto wangu mwenyewe na bado tarumbeta za harusi zikipita Arusha mjini mimi tumbo linavuruga kwanza ndio naangalia bibi harusi kavaaje.

Sauti ya Nne
Hahaha dhambi za sukari. Hizo tarumbeta nazo ni urithi wa Walutheri wa Kijerumani hao hao, usiwalaumu maharusi.

Hamisi wa Pasua
Salaam. Mimi Muislamu, swala tano alhamdulillah, lakini uzoefu ninao. Jirani zetu walikuwa walokole, alfajiri wakiamka ni Tukutendereza Yesu mpaka kuku wanashuka. Hakuna aliyejua maana yake pale mtaani sababu sio Kiswahili. Nimekuja kukaa Dubai kikazi, nyumba ya wafanyakazi, siku moja jikoni Mganda mmoja akaanza kuuimba anaosha sufuria, mimi nikaupokea. Jamaa aliacha maji yanatiririka akaniuliza umeujulia wapi. Nikamwambia kwetu Moshi ile ndio saa ya kuamkia. Tukawa marafiki mpaka kesho. Imani yangu iko palepale ila ule wimbo kwangu maana yake ni nyumbani.

Mzee wa Tengeru
Hamisi mwanangu, hiyo ni Kiganda. Ilienea na ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda ukafika mpaka huku kwetu. Waliookoka wakikutana njiani, hata kama hawajuani kwa lugha, walikuwa wanauimba huo huku wameshikana mikono. Baba yangu alikuwa mmoja wao na wachungaji wengine hawakuwapenda, waliwaona wanajifanya watakatifu kuliko kanisa.

Hamisi wa Pasua
Shukrani mzee wangu.

Mpagazi Mstaafu
Nilikuwa napita tu lakini ngoja niandike, samahani itakuwa ndefu. Nimebeba mizigo mlimani Kilimanjaro miaka mingi kabla magoti hayajagoma. Mchana wageni wanatuona tunaimba Jambo Bwana tunaruka ruka, ile ni kazi, ile ni tipu. Kuna usiku tuko kambi ya Barafu, pale ni juu ya mita 4,600, wageni wanasubiri saa sita waanze kupanda kileleni, upepo unataka kung'oa mahema. Kuna dogo mmoja wa timu yetu alikuwa anakohoa tangu jana yake anaficha kwa sababu akishushwa siku zake zinakatwa. Saa mbili usiku mpishi akaja kuniita, dogo anapumua unasikia maji kifuani, midomo imebadilika rangi, anaongea vitu havieleweki. Kiongozi wa msafara akasema huyu akikaa hapa asubuhi hatumpati, ashuke sasa hivi. Oksijeni ipo, lakini ni ya wageni na wageni bado hawajapanda, kampuni siitaji. Tukapata machela ile ya tairi moja katikati, tuko sita, wawili mbele wawili nyuma wawili wa kubadilishana, giza, mvua ya barafu, mawe, tochi moja inafifia. Ile machela kama hamkanyagi pamoja inalala upande na mgonjwa anaondoka. Tukawa tunahesabu moja mbili moja mbili lakini pumzi haitoshi na kila mtu anahesabu kwa wakati wake, tunagombana, mtu wa breki anatukanwa. Sijui nani alianza, nikasikia Usinipite Mwokozi. Ni wimbo wa polepole, mstari mmoja hatua kadhaa, unavuta pumzi, mstari mwingine. Machela ikatulia. Tukaenda nao hivyo hivyo, ukiisha tunauanza, tumepita kambi ya Milenia tunaimba, watu wanatoa vichwa kwenye mahema. Katikati yetu kulikuwa na Mkatoliki, Mlutheri, Msabato na jamaa mmoja wa Unga Limited ambaye sidhani ana dini, wote wanaujua. Tulivyokaribia kambi ya Mweka dogo akasema anasikia kiu. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza la maana tangu Barafu. Mimi wimbo ule siwezi kuuimba nimekaa. Ukianza kanisani nasimama, watu wanadhani nimeguswa, ni miguu tu inataka kutembea.

Binti wa Parapanda
Jamani 😭

Mama Glory Rau
Nimefunga duka.

Kijana wa Kwa Mrombo
Hii stori ihamishiwe uzi wake.

Mkristo Kindakindaki
Fundi friji uko wapi na sabuni yako?

Fundi Friji Kijenge
Nipo. Kilichomponya dogo ni kushuka, ugonjwa wa mlima dawa yake ni kushuka. Wimbo ulipanga miguu. Na hiyo mimi naiheshimu kuliko unavyodhani.

Sauti ya Nne
Mnajua aliyeutunga huo? Fanny Crosby, Mmarekani, kipofu tangu mtoto mchanga, ametunga nyimbo zaidi ya 8,000. Usinipite ni wa 1868, inasimuliwa alikwenda kuimbia wafungwa akasikia mmoja analia Bwana usinipite. Na chalii wa Sakina, Bwana u Sehemu Yangu iliyokushusha kituo sio chako nayo ni ya huyo huyo mama.

Mtumishi Mkavu
Na Ni Salama Rohoni Mwangu aliitunga mchungaji meli inazama anaimba mpaka maji yakamfika shingoni.

Sauti ya Nne
Sio kweli hiyo mtumishi. Horatio Spafford alikuwa mwanasheria wa Chicago na kwenye meli hakuwepo. 1873 mke na mabinti zake wanne walitangulia Ulaya, meli ikagongwa ikazama, mabinti wote wanne wakafa, mke akapona akamtumia simu ya maandishi kwamba kaokoka peke yake. Ndio akasafiri kumfuata, wimbo ukatoka hapo. Ya maji shingoni mmeongeza huko kwenye mikutano.

Mtumishi Mkavu
Mimi nilivyofundishwa ni hivyo. Wewe ulikuwepo?

Kijana wa Kwa Mrombo
Watu wa tenzi mna dharau. Mnaongea kana kwamba gospo za bendi hazina uzito. Mama yangu alikuwa anauguza mdogo wetu wodini anaweka nyimbo za injili za Angela Chibalonza kwenye kisimu, spika imepasuka, na yule dada mwenyewe alishafariki kwa ajali Kenya 2007. Wagonjwa wa vitanda vingine wanaomba ongeza sauti. Nesi alikuja kuzima akaishia kukaa kwenye ukingo wa kitanda.

Mzee wa Tengeru
Hapo kijana umesema. Ila hizi za sasa ni biashara.

Kijana wa Kwa Mrombo
Kila kizazi mzee kinasema hivyo. Baba yako nao si walimwita mlokole?

Mzee wa Tengeru
Haya.

Chalii wa Sakina
Sasa mimi dawa yangu iko wapi?

Mama Glory Rau
Jiunge na kwaya tu, sauti ya tatu huwa haitoshi popote.

Hamisi wa Pasua
Usijiunge na chochote, imba ukishikwa, kaa kimya ukiachwa.

Fundi Friji Kijenge
Nunua earphone.

Mkristo Kindakindaki
Tubu.

Binti wa Parapanda
Mpagazi hujamalizia, yule dogo yuko wapi sasa?

Mpagazi Mstaafu
Yupo mzima, anauza mitumba Memorial hapa Moshi, mlimani hataki hata kuuangalia. Ila kuna kitu tunabishana kila tukikutana. Yeye anakataa kabisa kwamba ilikuwa Usinipite. Anasema tulikuwa tunaimba Mwamba Wenye Imara na mtu wa nyuma kushoto alikuwa anaharibu sauti njia nzima. Nyuma kushoto nilikuwa mimi.

Kijana wa Kwa Mrombo
Ana majaketi ya baridi? Namba yake inbox.