Ratiba yangu ya kusoma huvunjika kila wiki, nisaidieni

MamaWawili_Kondele
Wadau, habari zenu. Nauza mitumba soko la Kibuye, Kisumu, na nasomea uhasibu, CPA. Mtihani wa KASNEB, bodi inayotahini wahasibu Kenya, nataka kuufanya Desemba, karatasi tatu. Kila wiki naandika ratiba: nisome saa kumi alfajiri, niandae watoto, niende soko, kisha nisome tena kuanzia saa tatu usiku. Ikifika Jumatano imeshavunjika. Usiku nafungua kitabu macho yanafumba, na mtoto wa gredi ya nne naye anangoja nimsaidie kazi ya shule. Soko siwezi kuacha, ndilo linalolipa karo. Nifanyeje?

Mwalimu_Luanda
Pole dada. Wewe si mvivu, hesabu ya saa ndiyo haijakaa sawa. Sioni ulipoandika kupanga mzigo, kupika, kufua, wala mteja wa kuvutana naye bei. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza jambo hili: mtu akikadiria muda wa kazi huiwaza ikienda shwari, husahau kazi kama hiyo ilimchukua muda gani zamani. Wiki hii usipange chochote. Andika tu saa zako zimeishia wapi, halafu upange kwa zile zilizobaki kweli.

Nyar_Ahero
Nakubaliana na mwalimu, ila saa kumi alfajiri na saa tatu usiku haziwezi kukaa kwa mwili mmoja. Chagua moja. Mimi ningefuta ya usiku kabisa, nimpe mtoto jioni yake bila kitabu changu mezani, kisha nilale. Jumatatu soko likoje?

MamaWawili_Kondele
Baridi sana. Watu wote huja Jumapili.

Nyar_Ahero
Basi asubuhi ya Jumatatu ni ya mahesabu magumu, kibanda ufungue mchana. Jumapili usijidanganye kwamba utasoma.

Fundi_Nyalenda
Na hizo karatasi tatu? Kama hujajisajili, chukua mbili uzipite. Ya tatu ifanye Aprili.

MamaWawili_Kondele
Bado sijalipa. Hilo la karatasi mbili linaniuma, nilitaka kumaliza haraka, lakini nimepiga hesabu nikaona tatu haziingii. Nitaanza na ile ya kodi, ndiyo inayonisumbua. Kuna mtu ana maswali ya mitihani iliyopita?

Mwalimu_Luanda
Ninayo. Nitumie ujumbe.