Tunapeleka miti mitano maonesho ya bonsai ya kanda: maandalizi, safari na siku za ukumbini

Shina_Nene ameuliza:

Wadau, habari zenu. Kikundi chetu cha watu wanne kimepata nafasi kwenye maonesho ya bonsai (miti inayolelewa ikiwa midogo chunguni) ya kanda, wiki 6 kuanzia sasa. Ni ndani ya ukumbi, siku 2, na kupanga ni jioni ya kuamkia ufunguzi. Safari ni saa 5 kwa gari.

Tunafikiria kupeleka fikasi mbili (moja ina urefu wa sentimita 60, nyingine 38), juniperi ya mteremko ambayo tawi lake kuu linashuka sentimita 25 chini ya chungu, bogenvilia, na msonobari mweusi wa Japani uliobadilishiwa chungu wiki 3 zilizopita. Yote ina waya wa kuyapa matawi umbo, mingine mwingi, mingine kidogo.

Majani tuyapunguze lini kwa mara ya mwisho? Waya utoke wote? Tufungeje miti garini? Na ukumbini tunamwagilia vipi bila kulowesha vitambaa vya meza? Tumepewa meza ya mita 4.

Mkata_Vikonyo:

Mkuu, huo msonobari uacheni nyumbani. Siku ya maonesho utakuwa na wiki 9 tu tangu mizizi ikatwe. Kwa juu utaonekana mzima kabisa, lakini chini mizizi mipya bado ni vinyuzi vyeupe, na mtikisiko wa saa 5 kwenda na saa 5 kurudi unavikata. Ukumbini hamtaona kitu. Mwezi mmoja baadaye sindano zitaanza kufifia, na hapo ndipo mtakapoisingizia mbolea.

Fikasi kubwa, kama ina afya na mko kwenye joto, ipukutisheni majani wiki hii hii. Kata jani, acha kikonyo. Kikonyo kitadondoka chenyewe baada ya siku kadhaa na chipukizi lililo kwapani halitaguswa. Matawi dhaifu ya ndani na ya chini yaachieni majani mawili matatu kila ncha, la sivyo nguvu yote itakimbilia juu na hayo ya chini yatakufa. Mkichelewa hadi zikabaki wiki 3, mtasafiri na majani mateke, na majani mateke hunyauka garini kabla hamjafika. Utomvu nao unyunyizieni maji hadi ukate, na uliodondokea chungu ufuteni siku hiyo hiyo. Ukikaukia kwenye chungu cha udongo kisicho na mng'aro, kuutoa ni kazi ya nusu siku. Fikasi ndogo msiipukutishe. Fupisheni tu vichipukizi vibaki na majani mawili.

Juniperi haitaki mkasi upitishwe juu juu kana kwamba mnakata ua wa nyumba. Kila ncha iliyokatwa katikati ya magamba (vijani vyake vidogo) hugeuka kahawia baada ya wiki moja au mbili, yaani mkikata wiki ya mwisho mmejitengenezea kahawia ya siku ya ufunguzi. Fuateni kichipukizi hadi kinapoanzia, mkate hapo kwenye sehemu iliyoshakuwa mti. Kazi hiyo iishe wiki 3 kabla. Sehemu za mti mkavu, jin na shari, zisugueni kwa mswaki na maji, ziacheni zikauke, ndipo mpake dawa ya salfa na chokaa. Ipakeni mapema pia, kwa sababu ikiwa mpya huwa nyeupe kupita kiasi na harufu yake ya yai viza hufukuza watu.

Bogenvilia huchanua kwenye matawi mapya. Mkiikata leo, kuchanua kwake baada ya wiki 6 ni bahati nasibu. Ama ipelekeni bila maua kwa ajili ya shina lake, ama msiipeleke.

Waya si dhambi. Ulizeni waandaaji kwanza, maana kuna maonesho yanayoukataza na mengine hayana shida nao. Ukiruhusiwa, toeni ule mnene wa shina na matawi ya kwanza ikiwa matawi yameshashika umbo, bakizeni mwembamba wa ncha. Kateni kipande kwa kipande kwa koleo, msiuzungushe kuutoa. Kuzungusha ndiko kunakovunja vijitawi na kuchubua gome, na gome lililochubuka wiki ya mwisho halipati muda wa kufifia.

Kreti_na_Kamba:

Naongezea ya gari, kwa kuwa mti hupata madhara mengi zaidi barabarani kuliko mezani.

Kabla ya kamba yoyote, shika shina karibu na udongo ulitikise kidogo. Ukiona udongo unaachana na ukingo wa chungu, huo mti haujafungwa ndani, na hata ukikaza chungu namna gani, mizizi itaendelea kucheza. Dawa ya kudumu ni kuufunga kwa waya kupitia matundu ya chini siku ya kubadilisha chungu. Kwa safari tu, zungusha kamba laini chini ya chungu, ipite juu ya mizizi minene, weka vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli pale inapogusa gome, kisha kaza kwa kupenyeza kijiti na kukisokota.

Kila mti upate ubao wake wa plaiwudi ya milimita 18, mpana kuliko chungu kwa sentimita 10 kila upande. Weka chungu, chora mzunguko wake, kisha kaza kwa skrubu vipande vinne vya mbao vinavyobana kingo zake. Mkanda upite juu ya ukingo wa chungu sehemu mbili. Usipite kwenye shina hata siku moja. Mbao zikipangwa zikagusana hazina pa kuteleza, ila pimeni kwa matawi, na kati ya tawi na tawi au tawi na bodi la gari pabaki angalau sentimita 5.

Ya kuogopa ni hiyo juniperi. Uzito wake mwingi uko nje ya chungu, na breki moja ya ghafla inaupindua. Tengenezeni sanduku jembamba la mbao lenye kimo cha sentimita 35, likazwe juu ya ubao mpana. Chungu kikae juu yake kikiwa kimebanwa, tawi lining'inie huru. Msilifunge hilo tawi, kwa sababu lililofungwa huvunjikia pale lilipofungwa. Tegesheni sponji chini yake bila kulibana, na lielekee nyuma ya gari.

Mwagilieni usiku wa kuamkia safari hadi maji yatoke chini, yaacheni yachuruzike. Asubuhi nyunyizieni majani tu. Gari liwe limefunikwa. Kwenye pikapu ya wazi upepo wa saa 5 hukausha majani hata kama udongo umelowa. Kiyoyozi ni kizuri ila matundu yake yasielekee miti. Mkisimama kula, mmoja abaki na gari na milango iwe wazi, kwani gari lililofungwa juani hupanda joto ndani ya dakika chache.

Kimeza_Kirefu:

Meza ya mita 4 ni ya miti 3. Fikasi ya sentimita 60 peke yake inadai kama mita 1.5 pamoja na kimeza chake na mmea wa pembeni. Pelekeni fikasi zote mbili na juniperi. Miti mizuri iliyobanana huonekana kama kitalu cha kuuzia miche.

Kila mti una upande unaoelekea. Miti ya mwisho kushoto na kulia ielekee katikati ya meza, na upande ambao mti unaelekea ndio unaoachiwa nafasi zaidi. Mmea wa pembeni (shitakusa) ukae upande huo, uwe mdogo kiasi cha kutoshindana na mti, na usiwe wa jamii ile ile wala chungu chake kisifanane na cha mti. Kuhusu kimeza, chungu kichukue takriban theluthi mbili za upana wake. Shina nene linataka kimeza chenye miguu minene. Juniperi yenu inahitaji kimeza kirefu, ncha ya tawi isifike kwenye kitambaa. Hakikisheni hakiyumbi. Kadi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja inatosha, na hakuna atakayeiona.

Kabla ya kuondoka mezani, simameni anaposimama mgeni. Katikati ya shina panatakiwa pawe karibu na usawa wa macho. Kama meza ni fupi, ulizeni kama mnaweza kuinua miti kwa visanduku vilivyofunikwa kitambaa hicho hicho.

Maji: msimwagilie mezani. Jioni milango ikifungwa, shusheni mti, uwekeni juu ya sinia la plastiki, mwagilieni, subirini dakika 20 hadi 30, kausheni chini ya chungu kwa kitambaa, ndipo urudi. Unyevu uliobaki chini ya chungu huchora pete nyeupe kwenye vanishi ya kimeza, na kama kimeza ni cha kuazima hapo urafiki umeisha.

Vyungu visivyo na mng'aro futeni kwa mafuta kidogo ya kamelia.

Mkata_Vikonyo:

Hapo kwenye mafuta napingana na mwenzangu kidogo. Matone mawili matatu kwenye kitambaa, sawa, tena baada ya kuondoa ule ukoko mweupe wa chumvi za maji kwa siki iliyozimuliwa, bila kuimwagia kwenye udongo. Lakini wengi hupaka hadi chungu king'ae, vumbi la ukumbi linanasa, na kufikia siku ya pili kimekuwa kichafu kuliko kilivyokuja. Mafuta ya mzeituni msiguse kabisa, yanachacha na kunata. Na dawa za kung'arisha majani ziacheni dukani, jani la fikasi linatosha kufutwa kwa kitambaa chenye maji.

Shina_Nene:

Nimewaelewa, msonobari na bogenvilia vinabaki. Bado mawili. Mosi (ile mimea laini ya kijani inayotambaa kwenye mawe yenye unyevu) tuiweke lini? Na kwenye kibao cha jina, tuandike umri wa mti?

Kimeza_Kirefu:

Mosi iwekeni siku 10 hadi 14 kabla, ipate muda wa kushika. Chagueni ile fupi iliyoota juani. Ile ndefu ya kivulini hukauka upesi. Kwangueni udongo wa chini ya kila kipande hadi kibaki milimita 2 au 3, lowesheni uso wa chungu, bandikeni kipande kimoja kimoja na kukikandamiza kwa kidole, mkianzia ukingoni kwenda ndani. Mizizi mikubwa ya juu, nebari, isifunikwe hata kidogo. Vipande visitoshane kimo, maana zulia la usawa mmoja linaonekana la plastiki. Kwa safari funikeni kwa kitambaa chembamba chenye unyevu na kukifunga kuzunguka chungu. Mkirudi itoeni, kwa sababu inaficha udongo na mtashindwa kujua mti umekauka au umelowa.

Umri msiandike kama hamna kumbukumbu. Jina la mti, jina lake la kisayansi na mtindo vinatosha. Ule msonobari mweupe wa familia ya Yamaki ya Japani ulioko Washington unatajwa kwamba umelelewa chunguni tangu 1625, na ulinusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Hayo ya Hiroshima yalikuja kujulikana huko Marekani mwaka 2001, wajukuu wa familia walipotembelea, miaka 25 baada ya mti kutolewa zawadi. Kama mti wa namna hiyo ulikaa kimya robo karne, fikasi yenu haina haraka.

Kreti_na_Kamba:

La mwisho ni la kurudi, ambalo watu hulisahau. Miti imekaa siku 2 jirani na miti ya watu wengine, kwa hiyo isirudi moja kwa moja kwenye benchi la pamoja. Itengeni wiki 2 hadi 3. Gongeni tawi juu ya karatasi nyeupe. Vidoa vinavyotembea ni utitiri. Kagueni makwapa ya majani na upande wa chini kutafuta vidugamba. Wiki ya kwanza iwe kwenye kivuli chepesi, bila mbolea wala kukata.

Na juniperi ifuatilieni muda mrefu kuliko fikasi. Fikasi ikichukia ukumbi hudondosha majani siku chache tu, nawe unajua la kufanya. Juniperi inaweza kuwa imekufa mizizi na majani yakabaki ya kijani wiki kadhaa. Shikeni ncha zake kila baada ya siku 3 au 4. Zikianza kuwa ngumu na kupoteza ule wepesi wa kupinda, au rangi ikipauka kuelekea kijivu, angalieni mifereji ya maji ya chungu na mizizi hapo hapo, msingoje kahawia.